Boksi la kila mwezi: viungo, udi, vitamu au vitabu, umpe nani kipi?

Zawadi ya mara moja ina raha yake: unatoa, mwenzio anafungua, anashukuru, imekwisha. Zawadi inayokuja kila mwezi ni jambo jingine. Unaingia katika maisha ya mtu na kukaa humo miezi mitatu, sita, pengine mwaka mzima, na kila mara boksi linamkuta katika hali tofauti. Mwezi huu amefunga Ramadhani, mwezi ujao ana mgonjwa ndani, mwezi wa tatu amesafiri kwa mwanawe Dar es Salaam. Ndiyo maana wengi wakishaamua kutoa zawadi ya namna hii hukwama palepale, hawajui wachague boksi gani.

Mtindo wenyewe si wa jana. Huko Marekani Book-of-the-Month Club ilianza kuwapelekea wanachama wake vitabu kwa posta tangu mwaka 1926. Mwaka 2010 ikaja Birchbox, ikituma vipodozi vidogo vidogo vya kujaribia kila mwezi, na baada yake zikafuata kampuni za kahawa, za vyakula, za vitu vya watoto. Kwetu Unguja na Pemba mambo hayendi kwa kadi ya benki inayokatwa yenyewe. Hapa unazungumza na mjasiriamali kwa simu, mara nyingi mwanamke anayefunga vitu vyake nyumbani, unamlipa kwa pesa za simu, naye anaupeleka mzigo bandarini Malindi au posta. Au unapanga na mwenye duka wa sokoni Darajani akutengenezee mchanganyiko unaoutaka. Ni mpango wa kuaminiana, na uzuri wake ni kwamba unaweza kusema "mwezi huu punguza sukari" na ukasikilizwa, jambo ambalo kampuni kubwa haiwezi.

Tupime kwa nini

Nina vipimo vitano, na nitavitumia hivyo hivyo kwa kila boksi.

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni kumalizika. Boksi zuri ni lile linaloisha, au linalokaribia kuisha, siku jingine linapofika. Likiisha mapema, mtu anabaki anangoja, na kungoja kuna utamu wake. Lisipoisha, la pili linakuja juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, na ifikapo mwezi wa nne zawadi imekuwa shehena ya kabatini ambayo mwenyewe anaona haya kukwambia. Watu wengi huanza kwa kuuliza boksi gani linapendeza zaidi. Mimi nasema uliza kwanza: mtu huyu, kwa maisha yake, atakimaliza kitu hiki kwa mwezi mmoja?

Cha pili ni safari. Hewa yetu ina joto na unyevu. Mzigo wa Pemba unapanda boti, unashuka Mkoani au Wete, unapakiwa gari, na unaweza kulala mahali kabla haujachukuliwa. Masika ya Machi hadi Mei yana mvua yake, na kusi ikichachamaa ratiba za boti hubadilika. Wa nje ya nchi ndio mrefu zaidi, tena una forodha mbele.

Cha tatu: boksi ni la mtu au la nyumba? Nyumba zetu hazina chakula cha mtu mmoja. Halua ikifunguliwa, watoto wapo, mgeni yupo, na jirani ana kisahani chake. Hilo ni jema kabisa, lakini kama nia yako ni mtu fulani apate kitu chake peke yake, usimpelekee chakula.

Cha nne nakiita mwili na heshima. Mwili, kwa sababu kuna kisukari, presha na pumu. Heshima, kwa sababu si kila kitu kinafaa kutoka kwa kila mtu kwenda kwa kila mtu.

Cha tano ni mfuko: gharama ya kitu, gharama ya kukifikisha, na urahisi wa kusitisha mpango bila ya kuoneana vibaya.

Boksi la viungo

Kumalizika. Hapa ndipo boksi la viungo linapohitaji akili. Mtu mmoja hamalizi kopo la kungumanga kwa mwezi, wala kwa mwaka. Kwa hiyo boksi la viungo lisije na vitu vilevile kila mara. Liwe na zamu. Mwezi wa kwanza pilau: bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu chache, kwa kipimo cha sufuria mbili tatu. Mwezi wa pili chai: mchaichai uliokaushwa, tangawizi kavu, iliki na vijiti vya mdalasini. Mwezi wa tatu mchuzi: giligilani, manjano, bizari iliyokwisha kuchanganywa kwa ajili ya samaki. Mwezi wa Idd, kungumanga moja nzima ya kuparia, na zafarani kidogo kama mfuko unaruhusu. Ukimpa mtu kwa zamu namna hii, kila boksi linakuwa mapishi, na mapishi huisha. Ukimpa pakiti zilezile sita kila mwezi, utamjazia jiko.

Safari. Hakuna boksi linalosafiri vizuri kuliko hili, kwa sharti moja: viungo viwe vizima. Vizima vikiwekwa mahali pakavu hukaa hata mwaka na harufu yake, vilivyosagwa hupoteza nguvu ndani ya miezi. Pakiti nzuri nzuri za unga wa rangi rangi zinazotundikwa vibarazani kwa ajili ya wageni zinaweza kuwa zimekaa juani muda mrefu. Nunua panapouzwa kwa wenyeji, palipo na mzunguko. Karafuu, kama tujuavyo, biashara yake imo mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kosa. Chukua zile chache zilizofungwa dukani kwa matumizi ya jikoni, pamoja na risiti, na usitume zaidi ya hapo.

Mtu au nyumba. La nyumba, moja kwa moja. Lakini ndani ya nyumba lina mwenyewe: yule anayepika. Mpelekee anayeshika mwiko. Ukimpelekea mume boksi la viungo huku mkewe ndiye mpishi, umempa mke kazi.

Mwili na heshima. Hapa hapana tatizo kubwa. Ni zawadi ambayo yeyote anaweza kumpa yeyote, mkwe kwa mkwe, mfanyakazi kwa bosi wake, mwanamume kwa nyumba ya rafiki yake. Kwa Pemba kuna jambo la kuangalia. Yapo majumba ambayo karafuu, mdalasini na pilipili manga viko shambani nyuma ya nyumba, na kumpelekea mwenye shamba hilo viungo kutoka Darajani hakumwongezei kitu. Huyo mpe kitu kingine.

Mfuko. Gharama ni ya kati. Iliki na zafarani ndizo zinazopandisha bei, vingine vinahimilika. Uzito ni mdogo, kwa hiyo nauli ni ndogo.

Boksi la udi na manukato

Hili ndilo boksi ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalotaka uangalifu kuliko yote, basi nitakaa hapa kidogo.

Kumalizika. Linamalizika vizuri mno. Nyumba inayovukiza jioni, inayovukiza nguo kabla ya shughuli, inayoweka chetezo cha kufukizia Alhamisi usiku, inakula udi. Kikopo kidogo cha udi wa kupika, kichupa cha mafuta, marashi ya mawaridi ya kunyunyizia kitandani, kipande cha ubani: mwezi unaisha navyo vinaisha. Na mwezi kwa mwezi unaweza kubadilisha bila ya kuchosha. Mwezi mmoja udi wa kupika, mwingine udi wa vijiti kwa ajili ya matumizi ya kila siku, mwingine liwa na dalia za kujipaka, mwingine hina na wanja. Wapishi wa udi kila mmoja ana mkono wake: vipande vya mti hupikwa na sukari, marashi, miski, ambari, na udi wa huyu haunukii kama wa yule. Mpokeaji huanza kuwa na chaguo lake, akakwambia "ule wa mwezi uliopita ndio wangu." Ukishasikia hivyo, zawadi imeshika.

Safari. Vigumu vinasafiri salama, vya maji vina shida. Udi wa kupika ukifungwa kwenye kopo linaloziba sawasawa unafika hata ng'ambo. Ukiachwa wazi wakati wa masika unashika unyevu na kunata, na harufu inapungua. Manukato yenye spiriti huhesabiwa kuwa ni kitu kinachoshika moto, na posta na mashirika ya ndege yana masharti makali juu yake; wa nje ya nchi usimtumie hayo, mtumie udi na mafuta mazito, na uulize kwanza hata kuhusu hayo mafuta. Vikuba, yaani vishada vya maua ya asumini na mkadi, jinsi vilivyo vizuri, ni vya siku ileile. Hivyo ni vya mtu wa mji mmoja nawe, unamwagizia asubuhi, anavaa jioni.

Na mkaa? Mtu anayeishi fleti London au Toronto hawezi kuwasha kifuu cha nazi. Kwenye boksi lake la kwanza weka chetezo cha umeme. Usipoweka, udi wote utakaofuata utakaa kwenye kopo.

Mtu au nyumba. Vyote viwili, na ndiyo nguvu yake. Moshi ni wa nyumba nzima, mafuta na hina ni vya mtu. Unaweza kumfurahisha mama mwenye nyumba bila ya kumnyima sehemu yake ya peke yake.

Mwili na heshima. Hapa soma taratibu. Kwa mwenye pumu, au nyumba yenye mtoto anayekohoa usiku, moshi si zawadi. Kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo harufu kali inaweza kuwa adhabu, hata ile aliyokuwa akiipenda. Kwa mjane aliye katika eda, miezi 4 na siku 10, manukato na mapambo huachwa, na boksi la udi likifika mlangoni kwake wakati huo litamtia simanzi. Kama mpango wako ulishaanza kabla ya msiba, mpigie muuzaji siku hiyohiyo asitishe.

Tena manukato kwetu ni kitu cha karibu. Mume humpa mke, mama humpa binti, shoga humpa shoga, wifi humpa wifi. Mwanamume akimpelekea udi kila mwezi mwanamke asiyekuwa maharimu wake, hata nia yake ikiwa safi kama maji, jirani watakuwa na maneno na yeye mwanamke ndiye atakayeyabeba. Kama ni mwalimu wako, au mfanyakazi mwenzio, mpe viungo au vitabu.

Mfuko. Bei inatofautiana kuliko boksi lolote. Mti wa udi wenyewe hauoti kwetu, hutoka Asia, na wenye utomvu mwingi ni ghali sana. Lakini udi wa kupika wa kawaida unaonukia vizuri unapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwambie muuzaji kiwango chako tangu mwanzo, na umwombe asikuongezee.

Kwa asiyetaka moshi lakini anapenda kunukia, yapo mafuta yanayokamuliwa Pemba katika kiwanda cha ZSTC kule Wawi, ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na ya mchaichai miongoni mwayo, na zipo sabuni za mwani wa Paje na vijiji jirani, ambako wanawake wamekuwa wakilima mwani wa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sabuni inaisha kwa mwezi, haipasuki njiani, haileti maneno. Mafuta ya makonyo ni makali. Yasipakwe mwilini bila ya kuchanganywa na mafuta ya nazi, na mwandikie hivyo mpokeaji kwenye karatasi.

Boksi la vitamu na kahawa

Kumalizika. Siku tatu, na pengine hata tatu ni nyingi. Watu watakaa, kahawa itamiminwa, na boksi litabaki na makombo. Kwa kipimo changu cha kwanza hili halina mshindani, ila jua kwamba mtu anafurahi mwanzo wa mwezi tu. Ukitaka furaha ienee, panga vitu viwili vya kukaa na viwili vya kuliwa papo hapo.

Safari. Hapa ndipo boksi hili linapopata tabu. Halua ni msafiri mzuri: sukari na samli huifanya ikae wiki nyingi bila ya friji, na friji ndiyo inayoigandisha na kuiharibu ladha. Visheti vikikaangwa vikakauka sawasawa vinakaa. Vileja vinakaa lakini vinavunjika. Vipangwe kwa karatasi kati ya safu na safu ndani ya kopo gumu. Kashata ya njugu sawa, kashata ya nazi ni ya siku chache tu, na mkate wa ufuta au vitumbua usifikirie kabisa. Ubuyu wenye sukari na pilipili hunata ukipata joto, basi ufungwe kidogo kidogo. Achari ya embe ni tamu na kila mtu wa Zanzibar aliye mbali anaiota, lakini mafuta yake yakivuja yanaharibu boksi zima. Kifuniko kikazwe, kizungushiwe mkanda, na chupa itiwe mfuko wake peke yake.

Kwa nje ya nchi, angalia samli. Nchi nyingi, Uingereza mojawapo, zina masharti juu ya vyakula vyenye maziwa na nyama vinavyoingia kutoka kwetu, na samli imo katika maziwa. Boksi linaweza kuzuiwa na kutupwa, na mpokeaji akabaki na barua ya forodha badala ya halua. Uliza kabla ya kulipa.

Mtu au nyumba. La nyumba, la ukumbi, la baraza. Kahawa iliyosagwa, ya Kagera au Kilimanjaro, pamoja na tangawizi na kashata ya njugu, humfanya mzee mwenye baraza awe mwenyeji wa kila jioni. Wazee wa namna hiyo hawakuombi kitu kwa ajili yao, lakini wanapenda kuwa na cha kuwawekea wenzao.

Mwili na heshima. Heshima haina tatizo lolote. Mwili ndio wa kuulizia, na uulize kwa uwazi: kisukari kimeingia nyumba nyingi. Mtoto anayempelekea baba yake mwenye kisukari halua kila mwezi kwa sababu "anaipenda" hamsaidii. Kahawa bila ya sukari, na njugu za kukaanga zisizotiwa chumvi, zinatosha kumpa mzee huyo mwezi mzuri. Achari nayo ina chumvi nyingi, si ya mwenye presha.

Mfuko. Bei ya kitu ni ndogo, bei ya kufunga na kusafirisha inaweza kuizidi. Kwa Unguja kwa Unguja ni boksi rahisi kuliko yote. Kwa Pemba linahimilika. Ng'ambo, fanya hesabu kabla hujaahidi.

Boksi la vitabu

Kumalizika. Inategemea msomaji, na hapa hapana njia ya katikati. Mtoto wa skuli aliyeanza kuonja kusoma anamaliza kitabu chembamba kwa siku mbili na kukirudia mara kumi. Mtu mzima anayesoma kabla ya kulala anamaliza riwaya moja kwa mwezi. Asiyesoma hatamaliza hata kimoja, na vitabu vitamtazama kutoka kwenye rafu kila anapopita. Usimpe mtu vitabu kwa nia ya kumbadilisha.

Safari. Havivunjiki, havivuji, havinati. Adui wao ni maji, basi nailoni ndani ya bahasha. Uzito ndio gharama yao, ingawa kitabu cha mtoto ni chepesi.

Mtu au nyumba. Hili ndilo boksi la mtu hasa. Bahasha yenye jina la mtoto wa miaka saba, imeandikwa kwa mkono, imefika kwa ajili yake na si kwa ajili ya mama yake: nimeona watoto wakilala nayo. Hakuna boksi la chakula linalofanya hivyo.

Mwili na heshima. Kwa wazee uliza macho. Herufi ndogo ni mateso. Vitabu vya dini ni zawadi nzuri, lakini uliza kwanza, kwani watu wana walimu wao na misimamo yao. Vinginevyo vitabu vinafaa kutoka kwa yeyote, na kwa mwalimu au mtu wa ofisini ndiyo zawadi yenye staha kuliko zote.

Mfuko. Nafuu kwa kitabu kimojakimoja. Shida ni upatikanaji. Maduka ya vitabu vya Kiswahili visivyo vya kiada si mengi visiwani, na vitabu vya watoto vingine utaviagiza Dar es Salaam. Ukifunga mpango wa mwaka mzima, muuzaji anaweza kuishiwa na kuanza kurudia. Miezi sita yatosha, na mpe orodha ya vile ambavyo mtoto anavyo tayari.

Kwa hali uliyonayo

Mama mtu mzima Pemba, watoto wote wamehama. Huyu anapenda sauti yako zaidi ya boksi, kwa hiyo mpe kitu kitakachomfanya akupigie simu. Udi na mafuta, kwa kubadilisha mwezi hadi mwezi, kama hana pumu. Kama anayo, sabuni za mwani na kahawa. Viungo usimpelekee ila kama unajua hana shamba.

Maarusi wapya. Nimeona watu wakiwapa viungo na wengine udi, na vyote vinakaa vizuri. Kwa mwezi wa kwanza hadi wa tatu ningeanza na udi, hina na liwa, kutoka kwa shoga au dada wa bibi harusi, kisha nihamie viungo pale wanapoanza kukaribisha wageni wenyewe. Kubadilisha boksi katikati ya mpango kunaruhusiwa, na watu hawakumbuki kuomba.

Mwanamke aliyejifungua. Siku 40 za mwanzo anahitaji uji wa pilipili manga, tangawizi, mdalasini na mtu wa kumpikia. Boksi la viungo, basi, na liende kwa jina la mama yake au yeyote anayemuuguza. Manukato makali yasubiri, pua ya mtoto mchanga ni nyepesi.

Mwanafunzi wa chuo, Tunguu au Dodoma. Vitamu, bila ya kufikiri sana. Ubuyu, visheti, achari. Ataligawa lote chumbani kwake na kupata marafiki. Usimpe viungo, hana jiko.

Ndugu walioko Muscat, London au Toronto, wana watoto wanaoanza kukijibu Kiswahili kwa lugha nyingine. Hapa najua wengi watavutiwa na halua, na ninaelewa kwa nini. Lakini wazazi hao huko mara nyingi wanapata mtu wa kuwaletea halua safarini. Kitabu cha Kiswahili cha mtoto hawaletewi na mtu. Kama una uwezo wa boksi moja tu kwa nyumba hiyo, naomba liwe la vitabu, kwa jina la mtoto, na wewe mwenyewe umpigie wikiendi moja akusomee ukurasa. Ukiwa na uwezo wa mawili, ongeza udi na chetezo cha umeme kwa mama.

Mzee wa baraza. Kahawa na kashata ya njugu. Kama ana kisukari, kahawa na njugu za kukaanga. Ameridhika.

Aliyefiwa. Miezi ya mwanzo watu hujaa, baadaye hupungua, na hapo ndipo boksi la mwezi linapokuwa na maana kubwa. Anza mwezi wa pili au wa tatu, si wiki ya msiba. Vyakula vya nyumba, vitamu vya wageni wanaokuja kuwapa pole, kahawa na viungo vya chai. Kwa mjane, manukato ni baada ya eda, na yatokane na jamaa zake wa kike.

Mwalimu, daktari aliyekutibu, mfanyakazi mwenzio. Viungo au vitabu, miezi mitatu tu. Zaidi ya hapo anaanza kuona ana deni.

Mtu usiyemjua vizuri, kwa mfano mama mkwe mtarajiwa. Chukua boksi la mchanganyiko la mwezi mmoja: udi kidogo, viungo vya chai, kipande cha halua, sabuni moja. Kisha mwulize aliye karibu naye, mtoto au jirani, kipi kimeisha kwanza. Funga mpango wa miezi mitatu kwa kitu hicho, lipa mwezi kwa mwezi baada ya kutumiwa picha ya mzigo ulivyofungwa, na mwambie muuzaji mapema kwamba mwezi wa nne haupo mpaka umempigia. Andika kwenye boksi jina na namba ya simu ya yule atakayekwenda kulipokea bandarini, siyo ya mama mwenyewe, asije akasumbuliwa jua la saa saba kwa ajili ya zawadi aliyopewa.